Tabora gari halikuchemsha, Kigoma linachemsha: nianzie wapi?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, gia za kawaida. Nililinunua Tabora, nikaliendesha kule miaka minne bila kuchemsha hata siku moja. Mwaka huu nimehamishiwa Kigoma kikazi, naishi Mwanga. Hapa mjini mshale wa joto unakaa katikati kama kawaida, hata nikisimama muda mrefu karibu na soko. Lakini kila nikienda Kalinzi, nikishaipita Mwandiga na milima ikaanza, mshale unapanda. Mara tatu umefika kwenye nyekundu na maji yakamwagika kupitia kopo la akiba. Fundi wa kwanza alisema ni themostati, akaitoa akaitupa. Feni iliunganishwa moja kwa moja tangu Tabora, inazunguka muda wote. Fundi wa pili anasema silinda hedi imekufa, nitafute injini nyingine. Jirani anasema ni joto la Kigoma na gari limezeeka. Natia maji ya bomba, na nikiwa njiani natia yoyote ninayopata. Sijui nimsikilize nani."

Marahaba, ndugu yangu. Umenirahisishia kazi, maana umeeleza gari linachemsha wapi na wapi halichemshi. Wengi huleta gari wakasema "linachemsha", basi, na hapo ndipo spea zinapoanza kubadilishwa kwa kubahatisha. Wasiwasi wako nauelewa: umeambiwa ununue injini, na pesa ya injini si ya kuokota barabarani. Kabla hujaitoa, turudi Tabora kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu iko kule.

Jirani yako ana nia njema, ila hali ya hewa haihusiki. Jua la Tabora la mwezi wa kumi unalijua mwenyewe. Kilichobadilika ni barabara. Tabora ni tambarare. Unatoka mjini hadi Urambo mguu umeugusa tu mafuta, na injini haifikii hata nusu ya uwezo wake. Ukitoka Mwandiga kupanda Kalinzi, injini hiyohiyo ya lita 1.5 inavuta watu na mizigo mlimani kwa gia ya pili na ya tatu, dakika kumi, dakika ishirini, bila kupumzika. Ninavyoona mimi, ugonjwa huu ulikuwemo tangu Tabora. Kule hakukuwa na mlima wa kuutoa nje.

Sababu yake ni hii. Mafuta yanapoungua ndani ya injini, kwa makadirio ni theluthi moja tu ya nguvu yake inayosukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huchukuliwa na maji kupelekwa kwenye rejeta ili upepo uiondoe. Ukiongeza kazi ya injini mara mbili, mzigo wa rejeta nao unaongezeka karibu mara mbili. Rejeta iliyoziba nusu itakutosha kwenye barabara ya tambarare mwaka mzima, wala hutajua. Mlimani inashindwa kabla hujafika kileleni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwuliza mwenye gari ni: linachemsha ukiwa umesimama, au ukiwa unakazana? Likichemsha ukiwa umesimama na likapoa ukianza kukimbia, tafuta kwenye upepo, yaani feni na nyaya zake, kwa sababu gari likitembea hupata upepo wa bure. Likitulia umesimama na kuchemsha ukipanda mlima au ukienda kasi, tafuta kwenye mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba, themostati, pampu, mpira wa maji wa chini wa rejeta unaojikunja. Likichemsha popote na maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, hapo ndipo mfuniko wa rejeta na gasketi ya silinda hedi, yaani lile bamba linalokaa kati ya hedi na bloku ya injini, vinapoingia. Lako liko kundi la pili, na kwa sababu limeshafika kwenye nyekundu mara tatu, kundi la tatu lazima tulikague kabla ya kulifuta.

Sasa nizungumzie themostati, maana hapa mafundi tumeharibu magari mengi, na mimi nimo. Nilipokuwa kijana gereji huko Tabora nilizitoa nyingi, tena kwa kujiamini, kwa sababu tulifundishwa kwamba hiki ni kizuizi tu kilichowekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Si kweli. Kwenye injini yako themostati ina vali mbili kwenye mwili mmoja. Moja, maji yakifika nyuzi 80 hadi 84, huanza kufungua njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta. Nyingine, maji yakishapata moto, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani na kurudi kwenye silinda haijapoa. Mjini huwezi kuona tofauti, lakini mlimani unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, utaiona. Toyota wenyewe wameandika kwenye vitabu vyao vya ufundi kwamba themostati isitolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa sababu kuitoa kunapunguza uwezo wa kupoza. Kwa hiyo fundi wako wa kwanza alikuongezea tatizo juu ya lile ulilokuwa nalo. Nunua themostati mpya ya nyuzi 82. Ikifungwa, hakikisha kile kitobo chenye kipini kinachocheza kiko upande wa juu, ndipo hewa inapotokea.

Feni nayo usiiamini kwa sababu tu inazunguka. Feni ya Corolla iko nyuma ya rejeta, upande wa injini, na kazi yake ni kuvuta upepo kutoka mbele. Aliyeiunganisha moja kwa moja akigeuza nyaya, chanya kwa hasi, inazunguka kinyume na kupuliza kuelekea mbele. Umesimama bado upepo unapita kidogo, injini haina kazi, mshale unatulia. Unapopanda mlima kwa kilometa 30 kwa saa, upepo wa gari na upepo wa feni vinakutana uso kwa uso katikati ya rejeta. Kupima ni rahisi. Chukua karatasi moja ya daftari, washa feni, isogeze karatasi mbele ya grili. Inatakiwa ivutwe na kuganda pale, hata ukiiachia. Ikisukumwa kukurudia, umepata kosa moja ambalo kulirekebisha ni kubadilishana nyaya mbili. Na hata kama upande uko sawa, mwambie fundi umeme akurudishie sensa ya joto na rilei (swichi ya umeme inayowasha feni), maana mota inayozunguka muda wote huchoka na siku moja itakufa bila taarifa. Kwenye gari hili sensa hukata mzunguko joto likifika kama nyuzi 93, na kukata huko ndiko kunakoamsha feni. Ndiyo maana, mfumo ukiwa mzima, ukichomoa waya wa sensa huku swichi ikiwa imewashwa, feni inapaswa kuanza kuzunguka yenyewe. Hicho ndicho kipimo chake.

Tufike kwenye rejeta, ambako kwa maelezo yako ndiko naweka shaka kubwa zaidi. Umeandika kwamba unatia maji ya bomba, na njiani yoyote. Maji ya bomba ya Kigoma mjini yanatoka ziwani. Ziwa Tanganyika maji yake yanang'aa, unaona mawe chini, lakini uangavu si kitu kimoja na wepesi: yamebeba chumvi nyingi za madini, magnesiamu hasa. Ya visima vingi vya Tabora nayo yana chumvi zake. Maji yakipashwa moto na kupozwa kila siku, chumvi hizo huganda kama ule ukoko mweupe ulio ndani ya birika la chai nyumbani kwako. Ongeza kutu, kwa sababu bloku ya injini yako ni chuma na hedi ni aluminiamu, na bila kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, hakuna kinachozilinda. Nimewahi kufungua rejeta ya Corolla kama yako iliyokuwa imeishi kwa maji matupu. Tope lilikuwa jekundu-kahawia, zito kama uji wa ulezi, na kati ya vijibomba vyake vya katikati niliona mwanga ukipita kwenye vichache tu. Kwa nje ilikuwa nzuri, imepigwa rangi nyeusi, haivuji hata tone.

Yako unaweza kuipima bila kuifungua. Endesha hadi gari lipate moto wa kawaida, zima, toa ufunguo kabisa ili feni isikushtukie, kisha pitisha kiganja taratibu juu ya uso wa rejeta bila kuugandamiza. Joto linatakiwa kupungua polepole kutoka upande maji yanakoingia hadi yanakotokea. Ukikuta eneo zima katikati au chini ni baridi wakati jirani yake inaunguza, pale maji hayapiti. Fundi mwenye kipimajoto cha mwanga mwekundu atakufanyia hivyo kwa usahihi zaidi. Kisha mtu akanyage mafuta huku wewe ukitazama mpira wa chini: ukijikunja na kubonyea, pampu inavuta na rejeta haitoi, au mpira wenyewe umelainika kwa uzee. Na usisahau nje. Kandensa ya kiyoyozi imekaa mbele ya rejeta, na kati yake hujaa vumbi, nyasi na mabawa ya kumbikumbi. Oshea kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maji yasiyo na nguvu, mapezi yasije yakalala.

Mfuniko wa rejeta watu huuona kama kizibo cha chupa, kumbe ni vali. Ukiwa juu kwenye meta 1,500 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95, na injini nzima yenye afya hufanya kazi kati ya 85 na 95. Unaona hakuna nafasi. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 hushikilia shinikizo, na maji hayohayo hayachemki hadi yapite nyuzi 115. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, umerudi kwenye 95, na maji yatakimbilia kwenye kopo la akiba hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kwa gari la umri huu mimi huubadilisha bila hata kubishana. Nunua wenye namba ileile, usichukue wa 1.1 kwa kudhani kikubwa ndicho bora. Mipira na rejeta ya zamani itapasuka.

Sasa silinda hedi. Fundi wako wa pili huenda yuko sahihi, lakini amehukumu bila kupima. Hedi ya aluminiamu ikipata moto kupita kiasi hupinda, na kwa injini hii kupinda kwa milimeta 0.05 kwenye uso wa kukutana na bloku ndio mwisho unaoruhusiwa. Hapo gasketi inaachia, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Fanya hivi asubuhi, injini imelala usiku kucha. Fungua rejeta, jaza maji hadi mdomoni, washa injini bila mfuniko, tazama. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyokwama, yataisha. Yakiendelea kupanda bila kukoma, madogomadogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na yakaongezeka ukikanyaga mafuta, ni gasketi. Siku nyingine funga mfuniko, washa, na baada ya dakika moja tu minya mpira wa juu. Ukiwa umeshakuwa mgumu wakati injini bado ni baridi, shinikizo hilo halikuletwa na joto. Tazama pia kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa ni dalili mbaya. Utando mdogo mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe, unaweza kuwa unyevu wa safari fupifupi. Na ukifungua plagi ukakuta moja imesafishika kuliko wenzake, silinda hiyo imekuwa ikinywa maji.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kile cha dawa ya bluu: inawekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, injini inaunguruma, na hewa ya rejeta ikiwa na moshi wa silinda dawa inageuka njano. Si kila gereji wanayo, ila inafaa kuitafuta kabla ya kuuza ng'ombe kununua injini. Kusema kweli, kwa kuwa mshale unakaa katikati mjini, na hujasema kwamba unaongeza maji kila siku, mimi sioni bado sababu ya kuizika injini hiyo.

Kuhusu gharama, nitakuambia ningefanyaje kama gari ni langu. Ningeanza na karatasi ya feni, ambayo ni bure, kisha mfuniko na themostati, kisha ningesafisha mfumo mzima kwa dawa ya kusafishia. Nakuonya, dawa huondoa kutu laini, lakini vijibomba vilivyozibwa na ukoko havifungui, na mara nyingine kutu ndiyo iliyokuwa inaziba tundu, kwa hiyo ukisafisha utaanza kuona unyevu mahali papya. Si dawa imeharibu, tundu lilikuwepo. Rejeta ikionekana imeziba, mafundi wa zamani watakuambia ifunguliwe na kuzibuliwa kwa vyuma. Hiyo ilikuwa kazi ya rejeta za shaba. Nyingi za gari hili ni aluminiamu yenye matangi ya plastiki. Ukikunjua meno yanayoshika plastiki mara moja au mbili yanakatika. Bora mpya, hata ile ya bei ya kati, kuliko ya mtumba ambayo huenda imenyweshwa maji ya kisima kama yako. Pampu ya maji usiibadilishe kwa kubahatisha. Kama haivuji chini, haipigi kelele na haina mchezo ukiitikisa, iache, angalia tu mkanda wake kama haujalegea. Gasketi ikithibitika, hedi itolewe, ipimwe, inyooshwe kwenye mashine, iwekewe gasketi mpya. Atakayekuambia atabadilisha gasketi bila kuipima hedi, mshukuru na uondoke.

Baada ya hapo, maji. Kulanti haipozi kuliko maji. Maji matupu ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi. Tunaitia kwa sababu inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nusu kwa nusu inakutosha kabisa, ukizidisha unapunguza uwezo wa kupoza. Maji ya kuchanganya yawe ya mvua, ambayo Kigoma tunayo ya kutosha: acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga ya pili, chuja kwa kitambaa. Kama huna, nunua yale yaliyotoneshwa ya kuongezea betri, na usome chupa vizuri usije ukachukua asidi. Kujaza, paki gari pua ikitazama juu ya mlima, weka hita kwenye joto la mwisho, mimina polepole injini ikiunguruma hadi mapovu yaishe. Hewa iliyobaki ndani ina uwezo wa kukurudisha palepale ulipoanza.

Mpaka ukamilishe hayo, naomba usiende Kalinzi na gari hilo. Ikibidi, jua kwamba mshale wa Toyota nyingi hukaa katikati hata joto likicheza nyuzi kadhaa, kwa hiyo ukianza tu kusogea juu ya mahali pake pa kawaida, tayari umechelewa kidogo. Zima kiyoyozi, washa hita yote na ufungue madirisha. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo. Ukiendelea kupanda, simama na uzime. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kuushika bila kuungua. Kuna watu wenye makovu usoni kwa sababu ya mfuniko uliofunguliwa kwa haraka. Ufunike kwa kitambaa kinene, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha mvuke utoke, ndipo umalizie. Na usimimine maji baridi kwenye injini kavu yenye moto, hedi inaweza kupasuka hapohapo. Jambo jingine: mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla bila sababu, usifurahi. Maji yanaweza kuwa yameisha na sensa inapima mvuke.

Kama ukiona mapovu yasiyokoma, oili ya rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikiwa moto, au unaongeza zaidi ya nusu lita ya maji kwa wiki na huoni panapovuja, acha kuendesha na umpelekee fundi gari likiwa limevutwa. Hapo maandishi yangu hayatoshi; hedi inahitaji kushikwa kwa mikono na kuwekewa rula ya chuma. Vinginevyo Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, anza na mapovu, kisha karatasi, kisha kiganja kwenye rejeta, na uandike ulichokiona kwa kila kimoja kabla hujamruhusu mtu yeyote kushika spana.